Mti Wangu Kwenye Shamba la Watu

Jeddah, Ijumaa, Januari 2014. Mvua tangu alfajiri, nguo hazikauki, na mimi nimekasirika.

Nimekasirika tangu mchana na bado sijamaliza. Ninaandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya mama yake madam. Wenyewe wamekwenda ufukweni kutazama mawimbi, maana watu wa Riyadh wakiona maji wanakuwa watoto. Nimebaki na huyo mama mzee, naye amejilaza. Kwa hiyo nina nafasi ya kukasirika bila kuitwa.

Niseme jambo lenyewe mapema nisije nikazunguka. Keshokutwa, Jumapili, mama yangu anapanda ndege kwenda Yerusalemu na watu wa kanisa. Katika safari hiyo watapelekwa kwenye kilima fulani kupanda miti, kila mtu wake na wa mtu mmoja anayempenda. Mama atapanda wake na wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba. Aliponiambia habari hiyo kwenye simu niliruka jikoni kule Riyadh mpaka madam akaja kuuliza kama nimeungua. Leo nimekiona kilima cha aina hiyo kwenye televisheni, na sitaki jina langu lifike huko.

Sijui kama nitaweza kumwambia.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Ruthi, wa Kenya, nafanya kazi za ndani mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Madam ananiita Rahma kwa sababu anasema Ruthi linamchosha ulimi. Baba, yaani mume wake, ni mtu wa Riyadh kabisa, lakini madam alizaliwa hapa Jeddah na wazazi Wapalestina. Shule zikifungwa tunajazana kwenye gari tunakuja kwa mama yake. Huyo mama yake namwita Mama Kabira, kama wadada wote wa huku wanavyowaita wazee wa nyumba. Hana maneno mengi. Akitaka chai anaionyesha birika kwa kidevu.

Sasa mvua. Jeddah ikinyesha ni balaa, barabara zinakuwa mito na ndani ya nyumba kila kitu kinanuka uvundo. Jana nilifua, pamoja na vitambaa vyangu vyote vya kichwa vya kazi. Leo asubuhi vilikuwa vibichi kama nilivyoviacha. Siwezi kutembea humu kichwa wazi na Baba yupo. Nikafungua begi, nikatoa kitambaa cha kanisa, kile alichonipa Mama siku ninaondoka.

Hiki kitambaa inabidi nikieleze. Ni cheupe, kina mistari miwili ya samawati, na katikati kina Nyota ya Daudi. Akina mama wa kanisa letu wanakivaa kila Jumapili, na kwenye mikutano ya injili kinauzwa kama njugu. Usicheke. Kwetu sisi hicho si bendera ya nchi ya mtu, ni kitambaa cha maombi. Miaka yote niliyokivaa sikuwahi kukaa chini nikafikiri kwamba kuna serikali imekipandisha kitu hicho hicho kwenye mlingoti na kukiwekea wanajeshi. Huku ninakivaa chumbani tu wakati wa kusali, mlango nimefunga, kwa sababu Mkristo huku husali kimya kimya. Leo nilikikunja nyota ikaingia ndani, nikakifunga, nikajiona mjanja.

Baada ya chakula wakakaa sebuleni. Kulikuwa na filamu, si ya hadithi, ni ile ya kufuatilia watu halisi na maisha yao. Ilihusu walowezi, Wayahudi wa dini waliojenga vilimani kwenye ardhi ya Wapalestina ambayo jeshi la nchi yao limeikalia. Nilikuwa naingia na kutoka na vyombo kwa hiyo niliiona vipande vipande. Vilinitosha.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, na huyo ndiye aliyeniharibia siku. Alikuwa anakanda unga, watoto wamemzunguka miguuni, kitambaa amekifunga juu kichwani vile vile wanavyofunga akina mama wa kwetu. Sauti tamu. Ukimkuta stendi ungempa mtoto akushikie ukanunue maji. Alizungumza Kiingereza cha Kimarekani, nikamwelewa kabla Waarabu wangu hawajamaliza kusoma maandishi ya chini. Akaulizwa kuhusu mzee aliye bondeni, ambaye anasema kilima kilikuwa shamba la baba yake. Hakukunja hata uso. Akasema hana ubaya na mzee huyo, ila ardhi hii Mungu aliwapa wao, imeandikwa, na mzee anaweza kwenda kuishi kwingine kwa sababu wenzake wana nchi nyingi. Akajipangusa unga, akaendelea kukanda.

Nilisimama na sinia mkononi kama mtu aliyesahau njia ya jikoni.

Maneno hayo ninayajua. Niliyasikia nikiwa mtoto wa shule, nimeshika gauni la Mama. Tulikuwa tumefukuzwa shambani kwetu, Bonde la Ufa, wakati wa fujo za uchaguzi, na tulikuwa tunalala kwenye mahema. Mama akasikia kwamba mtu ameingia nyumbani kwetu. Akanichukua tukaenda. Mtu mwenyewe alikuwa jirani, mtu wa kanisa, ambaye alikuwa akituazima pampu ya dawa ya nyanya kila msimu. Alikuja mpaka kwenye ua, akavua kofia, akamsalimia Mama vizuri. Akasema, "Mama Ruthi, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hii ardhi Mungu aliwapa babu zetu. Nyinyi mna kwenu." Nyuma yake niliona nguo zao zimeanikwa kwenye kamba yetu.

Mama hakumtukana. Alisema neno moja tu, "Nimesikia," kwa sauti ambayo sikuijua, akanivuta mkono tukaondoka.

Hatujarudi mpaka leo. Nyuma ya jiko la nyumba ile kuna mparachichi ambao Mama aliupanda nilipozaliwa, na kitovu changu kilizikwa pale chini. Mama hamuulizi mtu habari ya nyumba wala ya shamba. Lakini akikutana na yeyote aliyepita njia ile, iwe kwenye mazishi, iwe sokoni, anamvuta kando na kumuuliza, "Mparachichi wangu unazaa?" Na wanamwambia unazaa, Mama, unazaa sana, wanauza kwa magunia. Anashukuru, anabadilisha mazungumzo.

Huyo ndiye anayekwenda keshokutwa kupanda mti kwenye shamba la mzee wa watu, tena kwa nyimbo.

Nina hasira na Pasta kuliko mtu yeyote. Pasta alilala kwenye mahema yale yale pamoja nasi. Aliugua kuhara pamoja nasi. Yeye naye ana shamba linalolimwa na mwingine. Sasa anasimama madhabahuni anawaambia wajane kwamba ukipanda mti juu ya kilima kile umeandika jina lako ndani ya ahadi ya Mungu. Jina langu mimi? Jina langu lina mahali pake, liko chini ya mparachichi, na kuna mtu anauza matunda yake.

Nirudi sebuleni. Ikaonyeshwa sehemu ya yule mzee. Shamba lililobaki mikononi mwake liko karibu na uzio wa walowezi, kwa hiyo ili akachume zeituni zake lazima aombe kibali kwa wanajeshi, nao wanampa siku wanazotaka wao. Alisimama getini na punda wake, karatasi mkononi, akisubiri askari kijana amalize kuongea na simu. Vijana wa kilimani wakaja na bunduki begani wakampiga punda mawe, mmoja wao anacheka. Askari aliwatazama tu.

Madam alilia. Alilia kweli, machozi mpaka kidevuni, akisema mtu kuomba ruhusa ya kwenda kwake, mtu kuomba ruhusa! Nikampa tishu. Pasipoti yangu iko Riyadh kwenye droo yake ya manukato, na shangazi yangu alipofariki niliomba kwenda kuzika, akaniambia mafi ruhusa, yaani hakuna ruhusa, Ramadhani imekaribia, nani atapika. Nilimpa tishu nyingine.

Nilikwenda kuleta chai. Jikoni kulikuwa na joto na mvuke, kitambaa kikalegea, nikakifunga upya haraka haraka bila kioo.

Nikarudi na sinia, na kwenye televisheni watu walikuwa wanaimba kwa Kiswahili.

Sikuamini masikio yangu. Kundi la wageni, Waafrika, wengi wao wanawake wa rika la Mama, wako juu ya kilima kile kile na vijembe vidogo vipya, wanachimba mashimo na kupiga pambio. Yule mwanamke wa unga alikuwa katikati yao anapiga makofi, hajui hata neno moja. Hawakuwa wa kanisa letu, nilitazama nyuso zote. Lakini vichwani walikuwa na kitambaa kile kile, mistari ile ile, nyota ile ile. Kamera ikashuka mpaka bondeni, mzee akiwa amesimama pale pale na punda, anawatazama.

Mtoto wa mwisho wa madam akasema, "Rahma, wanaongea kama wewe." Wote wakageuka kunitazama. Wakanitazama uso, kisha wakapandisha macho. Nyota ilikuwa imetoka, iko katikati ya paji la uso wangu.

Chai ilimwagika kidogo kwenye sinia.

Madam alisimama. Machozi yalikuwa bado hayajakauka lakini sauti ilikuwa nyingine. "Rahma. Nini hii kichwani?" Nikasema ni ya kanisa. Nikasema vingine vimelowa. Kiarabu changu ni cha jikoni, hakina maneno ya mambo kama haya. Akasema, "Halas. Tukirudi Riyadh, maktab," maana yake basi, yamekwisha, nirudishwe kwenye ofisi iliyonileta. Baba naye akatupa neno kuhusu Wayahudi wote, waliopo na watakaozaliwa, neno ambalo siliandiki hapa. Hilo nalo lilinikera, kwa sababu waliotufukuza sisi walianza hivyo hivyo, kwa kusema nyinyi wote. Nilikuwa nimekasirikiwa na nimekasirika kwa wakati mmoja, na sinia bado ninalo.

Mama Kabira akaniita kwa kidevu.

Nikaweka sinia, nikapiga magoti mbele yake. Akashika ncha ya kitambaa, akaipapasa kati ya vidole kama anayepima kitambaa dukani. Yeye alifukuzwa kwao akiwa mtoto mdogo, madam huwa anasimulia, yeye mwenyewe sijawahi kumsikia akisimulia.

"Nani alikupa?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni mkulima?"

"Alikuwa na shamba."

"Sasa liko wapi?"

"Wanalo watu," nikasema. Sikuwa na Kiarabu cha kuongeza.

Akanitazama muda mrefu, wala si kwa huruma. Akakivua kitambaa kichwani mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akakikunja mara nne, akanipa. Akavua mtandio wake wa mabegani akanitupia nijifunike. "Ni cha mama yako, kitunze. Lakini usikivae nyumbani kwangu." Kisha akamwambia madam aache mambo ya maktab, na mimi nimimine chai kabla haijapoa.

Nilimimina, kitambaa kwapani, matone ya chai yakakidondokea. Filamu iliisha, wakazima, na saa kumi wakaondoka kwenda ufukweni bila mtu kunisemesha.

Nimeacha kuandika kidogo, nimempigia Mama simu. Ilibidi nipige kabla ujasiri haujaniisha.

Mama alikuwa anapanga sanduku. Alianza kunieleza habari za viatu, kwamba wameambiwa wabebe viatu vya kutembea na yeye hana ila vile vya kanisa. Alikuwa na furaha kama msichana. Huyu ni mwanamke ambaye sijamwona akienda mahali popote kwa raha yake mwenyewe. Nikajiambia, Ruthi, funga mdomo, mtakie safari njema ukafue. Karibu nifanye hivyo.

"Mama, ule mti wangu usiupande."

Akauliza, "Umesilimu?"

"Hapana, Mama. Kile kilima kina wenyewe."

"Si wenyewe ndio wanatukaribisha?"

Nikamweleza. Nikamweleza mzee na punda, kibali, vijana wenye mawe, na wale akina mama na vijembe. Nilieleza vibaya, nilikuwa naruka huku na huku. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hao Waarabu wako wamekujaza maneno. Si hao hao wamekunyima pasipoti ukaacha kumzika shangazi yako?"

Hilo ni kweli. Nikasema si wao, nimeona kwa macho yangu.

"Ile ardhi Mungu aliwapa, Ruthi. Imeandikwa."

Sikupanga kusema nilichosema. Kilitoka. Nilimwambia, "Hata yule wa kwetu alikuambia hivyo hivyo pale uani, Mama. Nilikuwa nimekushika gauni."

Nikasikia redio yake, mtu anatangaza bei za mbegu.

"Unanilinganisha na yule?"

Nilitaka kusema hapana. Mtoto mwema angesema hapana. Nilikuwa nimeshaanza, nikasema, "Ukipanda huo mti, Mama, basi usimuulize mtu tena habari za mparachichi."

Ninaandika sentensi hiyo na uso unanichoma. Ningeweza kuisema kwa upole. Ningeweza kungoja kesho. Sitaifuta, kwa sababu bado naiamini, lakini naona nilivyoirusha, niliirusha kama jiwe kwa mtu aliyesimama na sanduku lake wazi. Hasira juu ya yule mwanamke wa unga, juu ya Pasta, juu ya madam na droo yake, yote niliibeba siku nzima, na aliyepigiwa simu akawa Mama.

Akasema, taratibu, kama anaongea na mtu wa ofisini, kwamba majina yameshaandikwa kwenye vibao na Pasta ndiye anavyo. Nikasema basi akifute kibao changu. Akauliza akikifuta aandike jina la nani. Nikasema asiandike la mtu yeyote, aache shimo wazi.

Akaizima redio, nilisikia kitufe.

"Nimesikia," akasema, akakata simu.

Nimekaa hapa juu ya ndoo tangu wakati huo. Kitambaa nimekifua kwa sababu kilidondokewa na chai, nimekianika juu ya kamba pamoja na vingine, kinanidondoshea maji begani. Tangu siku ile ya uani sijawahi kumsikia Mama akimwambia mtu yeyote neno hilo kwa sauti ile. Wadogo zangu wamemkosea, amewachapa. Baba yetu alipotuacha, Mama alipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Sauti ile aliiweka kwa ajili ya mtu mmoja. Leo ameitumia kwangu.

Nimempigia tena. Haipokelewi.

Gari linaingia, sasa hivi wataanza kuita Rahma. Kesho nitaamka, nitafua, nitapika, nitaangalia simu kila nikikausha mikono. Keshokutwa Mama atapanda ndege na viatu vyake vya kanisa. Akifika juu ya kile kilima, kijembe mkononi, wenzake wanaimba, na shimo liko mbele yake, atauona uso wa nani: wa yule bwana wa uani, au wangu?